Meneja wa Timu, Nauli Kwanza

"Kaka, shikamoo. Nimechaguliwa meneja wa timu ya chuo, lakini ofisi inasema fungu la michezo limeisha. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako umenikuta na furaha. Timu ya chuo ninachofanyia kazi hapa Tennessee imetoka kushinda ugenini, na safari nzima niliipanga mimi: basi, vyumba, chakula, hadi plasta za vidole. Mpira wenyewe ni huu wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Kocha alipohutubia alimshukuru Mungu, wazazi na dereva. Mimi hakunitaja. Nimeshazoea. (Sijazoea, ila tuendelee.)

Nikujibu kwa habari ya Sewanee. Ni mji mdogo juu ya mlima hapahapa Tennessee, na chuo chake kinaitwa University of the South. Mwaka 1899 walikuwa na shida kama yako. Mechi ya kuwaingizia fedha ilikuwa ile ya Vanderbilt, chuo cha Nashville, lakini wakagombana kuhusu mgawo wa kiingilio na mechi ikafutwa. Meneja wao, mwanafunzi aitwaye Luke Lea, akaona kama watazamaji hawaji mlimani, timu itawafuata waliko. Akaandikia vyuo vya mbali, akapanga ratiba ambayo hata leo nikiisoma miguu inaniuma.

Novemba 9 walikuwa Austin, wakaifunga Texas 12-0 (Texas na majina yanayofuata baada ya kila mji ni ya timu za vyuo). Tarehe 10 Houston, Texas A&M 10-0. Tarehe 11 New Orleans, Tulane 23-0. Tarehe 12 ilikuwa Jumapili, wakapumzika. Tarehe 13 Baton Rouge, LSU 34-0. Tarehe 14 Memphis, Ole Miss 12-0. Mechi tano ndani ya siku sita, safari ya treni ya maili kama 2,500, na hakuna aliyepata kwao hata pointi moja. Wachezaji walikuwa 21 tu. Na zama zile mchezo ulikuwa ni kusukumana kifua kwa kifua, maana pasi ya kurusha mbele ilikuja kuruhusiwa 1906, na mchezaji akishatoka hakurudi tena uwanjani.

Watu wa hapa wakiisimulia habari hii humsifu nahodha Seibels na kocha Suter. Sawa, wanastahili. Mimi nakwambia mtazame Lea. Walibeba mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya kwao, ili vijana wasinywe maji ya kila mji wakaharisha njiani. Kuna mtu alikaa akalifikiria tumbo la mchezaji kabla tumbo halijauma! Viatu navyo vilisahaulika stesheni, treni ikaondoka bila hivyo, ikabidi vitumwe kwa treni ya nyuma, na bado vikafika kabla ya mechi ya kwanza. Mwenye moyo mdogo angeshuka njiani.

Nami nyumbani, Tanzania, niliwahi kuambiwa hivyohivyo: fungu limeisha. Mashindano yako mkoa wa pili na vijana wameshanyoa nywele kwa ajili ya picha. Nikaomba ukumbi, nikaandaa usiku wa muziki, nikasimama mlangoni na ndoo ya kiingilio huku wenzangu wakicheza ndani. Kulipokucha nikakodi Coaster. Tulipofika mtandao wa benki ulikuwa chini, kwa hiyo nyumba ya wageni nikalipa kwa sarafu, na mama wa mapokezi akazihesabu moja moja huku akinitazama kama mwizi wa sadaka. Mechi zenyewe sizielezi, tulichukua kombe. Liko ofisi ya mkuu, na kwenye picha iliyotundikwa juu yake nimekatwa, limebaki bega.

Kwa hiyo shika haya. Nauli kwanza. Ukishapata nauli, tafuta nauli ya kurudi. Hesabu viatu kabla ya gari kuwashwa, halafu vihesabu tena, kwa sababu Lea alikuwa hodari kuliko mimi na wewe na bado vilimponyoka. Na ukiambiwa fungu limeisha, usibishane na karani, yeye hana cha kukupa. Nenda kwa mwenye uwanja, mwenye ukumbi, mwenye basi. Vijana wa siku hizi mnapenda cheo cha meneja na fulana yenye jina mgongoni, ila kuamka alfajiri kusubiri gari hamtaki. Amkeni! Timu haisafiri kwa nia njema.

Sewanee walimaliza msimu bila kupoteza mechi, 12 kwa 12, pointi 322 kwa 10. Hizo 10 zote walizifunga chuo cha Auburn, timu ya kocha John Heisman, nao wakalala 11-10. Lea baadaye akawa seneta wa Tennessee, na Januari 1919 akiwa mwanajeshi aliongoza wenzake kwenda Uholanzi kumteka Kaiser, aliyekuwa mfalme wa Ujerumani. Safari hiyo waliambulia kisahani cha majivu ya sigara. Hilo usiige.

Anza na barua kwa mwenye basi. Iandike leo, weka tarehe, idadi ya abiria na kiasi utakachotanguliza, kisha nitumie niipitie kabla hujaipeleka.