Usitoboe hayo mapezi kwa biti ya milimita 10

Ndugu, weka drili chini kabla hujaharibu bati zote. Unasema unatengeneza kiini cha maji moto cha kukaushia mahindi, yaani paipu za shaba za milimita 9.52 za kupitisha maji moto, na mapezi ya alumini, bati nyembamba zinazozivuka paipu na kutoa joto kwenye hewa. Unataka kutoboa kwa biti ya 10 ili paipu zipite kirahisi, kisha uzibe kwa silikoni. Halafu unauliza safu ngapi za paipu na feni gani. Vyote hivyo ni bure kama paipu haijalishika pezi.

Piga hesabu. Biti ya 10 inaacha mwanya wa milimita 0.24 kuzunguka paipu. Shaba hupitisha joto kuliko hewa mara 15,000 hivi, kwa hiyo kauwazi hako kanazuia joto sawa na ukuta wa shaba wenye unene wa mita tatu na nusu! Ukikajaza silikoni ya kawaida, bado ni kama nusu mita ya shaba. Paipu itakuunguza vidole na pezi libaki vuguvugu. Hawa wauza vifaa wanaosema "piga silikoni, itashika" wanajua kuuza silikoni tu. Nami nilipewa ushauri huohuo, na shaba yangu ikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Inaniuma kuona bado wanautoa.

Pezi linataka kola, yaani shingo inayoikumbatia paipu, si tundu tupu. Chukua alumini laini, ile ngumu hupasuka. Toboa tundu la milimita 6.5, kisha sukuma panchi ya ncha ya koni, iliyosuguliwa ikang'aa, hadi tundu lifike 9.7. Ukingo utasimama kama shingo ya chupa, milimita 1.5 hivi. Panga mapezi shingo zikielekea upande mmoja, pitisha paipu, NDIPO utanue. Kwa paipu ya ukuta wa milimita 0.35, weka kwenye fimbo risasi ya chuma, yaani kichwa chenye umbo la risasi ya bunduki, upana milimita 9.2, paka mafuta mepesi, isukume ndani kwa mwendo mmoja bila kugonga. Paipu iwe ya shaba laini, na uiache ndefu kidogo kwa sababu ikitanuka inafupika.

Sasa shika pezi la katikati kwa vidole viwili ulitikise. Likicheza, rudia kwa risasi kubwa kidogo. Usichomelee kona ya U, ile inayounganisha ncha za paipu mbili, hata moja kabla ya hapo, kwa kuwa ukishachomelea, risasi haina pa kupita tena.

Kona zichomelee kwa vijiti vya shaba na fosforasi, mafuta yakiwa yamefutwa na naitrojeni ikipita taratibu ndani. Uvujaji upime kwa naitrojeni, kiini kikiwa ndani ya maji. Oksijeni usiiguse kabisa: ikikutana na mabaki ya mafuta, inalipuka.

Feni chukua yenye nguvu zaidi ya inayotajwa na jedwali la mtengenezaji. Majedwali mengi hupimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na hapa Nairobi, mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Ya safu tutaongea pezi likigoma kucheza.