Maziwa mepesi kama maji: kwa dada aliyeambiwa aanzishe uji

Dada mwenye mtoto wa miezi miwili, pole kwa presha unayopewa hapo nyumbani. Umesema ukikamua yanatoka mepesi, kama yana rangi ya bluu, na mama mkwe anasema mtoto hashibi, apewe uji. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, kusaidia akina mama kunyonyesha ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nakuomba sana, uji usiuanzishe.

Wepesi huo ni wa kawaida. Karibu asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji, ndiyo maana mtoto wa umri huo hahitaji kunyweshwa maji hata kwenye joto la Dar la Februari. Kinachobadilika ni mafuta. Ziwa likijaa, chembe za mafuta hubaki nyuma, kwenye vifuko vinavyotengeneza maziwa, na yanayotangulia kutoka huwa na mafuta kidogo. Kadiri mtoto anavyolimaliza ndivyo mafuta yanavyotoka kwa wingi. Wodini huwa nawaonyesha akina mama: kamua kidogo kwenye glasi kabla ya kunyonyesha, kisha kidogo kwenye glasi nyingine mtoto akishaachia. Glasi ya kwanza unaona vidole vyako upande wa pili. Ya pili ni meupe mazito, na ukiyaacha kwenye friji yanaweka tabaka la mafuta juu. Ziwa ni lile lile.

Kwa hiyo usimhamishe haraka. Mwache alimalize moja, aachie mwenyewe, ndipo umpe la pili kama bado anataka.

Halafu jambo hili mweleze mama mkwe kwa heshima: maziwa hutengenezwa kwa kufuata yanayotoka. Ziwa lililojaa hupunguza kasi, lililonyonywa vizuri huongeza. Mtoto akishiba uji atanyonya kidogo, ziwa litabaki limejaa, na maziwa yatapungua kweli. Nimeona akina mama wengi wakiamini mwili wao umeshindwa wakati ni uji ndio ulioyapunguza, na inaniuma kila mara. Bado sijagusa kuhara kunakoletwa na maji na vyombo visivyo salama.

Supu ya pweza na mtori kula tu, vinakupa nguvu wewe. Matiti kulainika baada ya wiki sita hivi, na mtoto kulia na kutaka kunyonya mfululizo jioni, havimaanishi maziwa yamekauka.

Usipime kwa kilio, pima kwa mkojo na mzani. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, na mstari kwenye kadi ya kliniki unapanda, anashiba. Mkojo ukiwa kidogo na wa njano iliyokolea, au akilala mno hata kunyonya hataki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama chuchu zinauma, mwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha, aone kama mtoto ameshika ziwa vizuri au ameshika chuchu peke yake.

Ukitoka kliniki niandikie hapa uzito wa kuzaliwa na wa sasa, tuuangalie pamoja.