Nunua kinoo kwanza: majibu kwa wanaouliza visu vya kukunja

Masika yameingia Tanga, na kila yakiingia barua huniletea kutu. Kutu ya kisu, kutu ya patasi, juzi hata kutu ya mkasi wa fundi cherehani. Nimechambua chache. Zile za "kisu gani bora?" zilikuwa nyingi kuliko zote, nami nimeziweka kando isipokuwa moja, iwe mfano.

Fundi, shikamoo. Kisu gani bora cha kukunja? (Chumbageni)

Marahaba. Bora kwa kazi gani? Kumenya chungwa, kukata nyavu, kuchonga mwiko, kupasua gunia? Andika upya.

Nataka kuanza kuchonga vijiko na vinyago vidogo jioni nikitoka kazini. Fedha sina nyingi. Ngamiani kuna visu vya stenlesi vinang'aa kama kioo, tena rahisi. Ndugu yangu aliye melini anasema ataniletea cha chuma cha kaboni. Nichukue kipi? (Makorora)

Huyu ameuliza. Chukua cha ndugu yako, lakini ujue kwa nini.

Chuma cha kaboni ni chuma na kaboni kidogo, kama asilimia 0.6 hadi 1 hivi, na hakina kikubwa kingine ndani yake. Stenlesi huongezewa kromiamu, isiyopungua asilimia 10.5, na kwa visu mara nyingi hufika 13. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu. Cha kaboni hakina kinga hiyo, ila hunoleka upesi kwa jiwe lolote la kawaida, na hupata makali membamba yanayopita kwenye ubao bila kuurarua. Kwa mchongaji anayenoa kila jioni, hilo ndilo linalohesabika.

Sasa msinisingizie kwamba nachukia stenlesi. Visu vyekundu vya Uswisi vya Victorinox ni stenlesi, tena laini kiasi, na watu wanachongea vitu vya ajabu. Ninachokichukia ni kile kisu kisicho na jina, kilichong'arishwa kikang'ara, lakini hakikupikwa motoni inavyotakiwa. Ukikinoa kinakata karatasi mbele ya muuzaji. Ukifika nyumbani, mapito kumi kwenye tawi la mwembe makali yamelala. Kosa hapo si la stenlesi, ni la aliyeruka hatua ya moto ili auze rahisi. Na cha kaboni kilichorukwa hatua hiyo kitakufanyia vivyo hivyo, halafu kitaongeza na kutu.

Mwambie ndugu yako atafute Opinel, cha Ufaransa, chenye mpini wa mti na pete ya chuma shingoni. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza huko Savoie mwaka 1890, navyo bado ni visu vya mkulima, si vya maonyesho. Namba 7 ina bapa la sentimita 8, namba 8 ina 8.5. Kwa kuchonga chukua 7. Asisitize cha kaboni, maana kipo na cha stenlesi, na kwa mbali vinafanana. Kwao hununuliwa kwa yuro 10 na kitu. Na kama si lazima kikunjwe, Mora 120 ya Uswidi inavishinda vyote kwa kuchonga: bapa fupi la sentimita 6, halichezi, haliwezi kukufungia vidole.

Nawe usikae kumngoja mikono mitupu. Nunua kinoo leo. Kisu cha bei yoyote bila kinoo ni chuma chenye mpini. Nimesema hili mwaka jana, nikalisema mwaka juzi, na bado watu wananiandikia wamenunua kisu cha tatu ilhali jiwe hawana hata moja. Jiwe likikosekana, chukua msasa wa maji, namba 400, kisha 1000, kisha 2000, ulaze juu ya kipande cha kioo. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kisu kinyumenyume, makali nyuma.

Nimeletewa hicho hicho Opinel. Tangu mvua zianze hakifunguki. Nimejaribu kwa koleo bapa likachubuka. Nimeuziwa feki? (Raskazone)

Hapana, si feki. Umeuziwa mti, na mti hunywa maji. Mpini wake ni wa mti wa Ulaya usio na mafuta, na hewa ya Raskazone mwezi wa nne unaijua. Mpini umevimba, ufa ambamo bapa hulala umelibana. Wenyewe Wafaransa wana dawa: zungusha pete ifunguke, shika kisu, kisha gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza. Bapa linachomoza kidogo, unalivuta kwa kucha. Koleo weka mbali.

Dawa ya kudumu ni hii. Kiache wazi ndani ya nyumba siku tatu nne hadi kikauke. Usikianike juani wala usikisogeze karibu na jiko, mpini utapasuka. Kikikauka, kunja msasa mwembamba uingize kwenye ufa, upanue kidogo tu, uchache kuliko unavyodhani. Halafu yeyusha nta ya nyuki na mafuta kidogo, upake mpini wote, na ndani ya ufa kwa kijiti. Rudia kila kabla ya masika. Pete yenyewe, ambayo iliongezwa mwaka 1955, igeuze ufunge kila unapochonga, bapa lisijikunje. Napata picha za vidole vilivyofungwa bandeji kutoka kwa watu waliodhani ni pambo.

Sumaku inanasa kwenye kisu changu cha stenlesi. Nimetapeliwa? (Pongwe)

La. Stenlesi ya visu karibu yote hunasa sumaku. Ukitaka kujua kama ni cha kaboni, kata ndimu, iache juu ya bapa robo saa. Kikigeuka kijivu au cheusi, ni kaboni.

Kisu changu kilikuwa kinanyoa nywele za mkono. Nikampa kijana anayepita na jiwe la umeme akinoe "vizuri zaidi". Kilirudi kinang'aa, lakini sasa makali hayakai hata nusu saa. Ukingoni pana rangi ya buluu. (Mikanjuni)

Kisu kimegusa mfupa hapo, tena mfupa wangu.

Chuma cha kaboni kikitoka kwa mtengenezaji kimepitia moto mara mbili. Mara ya kwanza kinapashwa hadi kiwe chekundu, kinatumbukizwa kwenye mafuta au maji, kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama chupa. Mara ya pili kinapashwa polepole, kama nyuzi 200 za Selsiasi, ugumu upungue kidogo na uimara uingie. Hapo ndipo kisu kinapokuwa kisu. Jiwe la umeme linalozunguka kwa kasi, bila maji, linaweza kupandisha joto la ukingo ule mwembamba kwa kufumba na kufumbua. Rangi ya buluu unayoiona ni joto la karibu nyuzi 300. Maana yake ule ugumu ulioulipia umeondoka na cheche.

Sikucheki. Nilikuwa na kisu cha marehemu mjomba wangu aliyefanya kazi ya mkonge. Mhunzi mmoja alikuwa amemfulia kutoka springi ya lori, chuma kizuri sana kile, kina kaboni karibu asilimia 0.6. Mjomba alikitumia miaka kwa jiwe la mtoni tu. Mimi, nikiwa na haraka ya ujana, nikakipeleka kwa mnoaji, nikasimama nikivutiwa na cheche. Nilirudi na kitu kinachong'aa kama kioo, siyo cha kukatia. Mjomba alikitazama, akakirudisha mezani, hakunipa tena kisu chake mpaka anaondoka duniani.

Kijana usimlaumu. Jiwe lake linafaa kwa panga na jembe, kazi ambazo wateja wake wengi wanampa. Wewe ndiye uliyempelekea kisu cha kuchongea. Kama buluu ni mstari mwembamba ukingoni tu, unaweza kuuondoa: noa kwa mkono, jiwe likiwa limelowa, hadi uuvuke ufike kwenye chuma kizima. Itakuchukua jioni mbili tatu na utapoteza milimita moja hivi. Buluu ikiwa imepanda hadi katikati ya bapa, mpe mama akatie bamia.

Na tupa nayo mwiache. Tupa ni ya panga, maana panga ni laini. Kwenye kisu kigumu inateleza, ikishika inaacha meno.

Nikimenya machungwa kisu cha kaboni kinageuka cheusi, na chungwa linanukia chuma. Ni sumu? Watoto wamegoma kula. (Muheza)

Si sumu, mama. Ni tindikali ya chungwa ikila chuma juujuu, na wewe uko kwenye mji wa machungwa, pole. Rangi ya kijivu na nyeusi iache, inasaidia hata kupunguza kutu. Adui ni nyekundu. Wengi wanakosea hapa: wakiona kijivu wanasugua kwa sandpepa kila siku hadi king'ae, kesho yake kinaanza upya, na chungwa linanuka upya. Rangi ikishakomaa harufu inapungua yenyewe.

Ila kusema kweli, kwa machungwa tumia stenlesi. Ndiyo kazi yake. Watazame vijana wanaomenya machungwa sokoni, wanavua ganda lote kama utepe mmoja kwa kisu chembamba cha bei ya chini. Siri yao ni kwamba wananoa kutwa nzima, hata kwenye ukingo wa saruji.

Mafuta gani nipake kisu kisishike kutu? Hapa kwetu tunatumia oili chafu. (Pangani)

Oili chafu ni ya nguzo za banda. Kisu kinachogusa chakula paka mafuta ya nazi, tone moja, kisha futa hadi ubaki na unyevu wa kidole tu. Cha kuweka sandukuni muda mrefu paka mafuta ya cherehani. Na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inanyonya chumvi ya upepo wa bahari na kukikumbatisha kisu usiku kucha. Ala ni ya kutembelea.

Vipi kile cha zamani chenye pete nyuma, kinacholia ta-ta-ta kikifunguliwa? (Sahare)

Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, nasi tukiwemo. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Bapa ni la kaboni, bei ni ya mtu wa kawaida, na linanoleka vizuri. Kwa kuchonga ni refu mno na ncha yake ni nyembamba, ukilipindisha ndani ya mti litavunjika. Kipime kabla ya kununua: kifungue, bonyeza mgongo wa bapa kwenye ubao. Kikijikunja, kirudishe. Tena usiende nacho mpirani Mkwakwani, ukadhani askari atakusikiliza habari za vijiko.

Nataka mpini wa mkoko, nasikia hauozi. Kuna jamaa anakata usiku. (Mtang'ata)

Anakata usiku kwa sababu mchana atakamatwa. Mikoko yote ni hifadhi ya serikali, na bila kibali ni kosa, hata kipande cha mpini. Chukua mpera au mchungwa uliokauka.

Kijana wangu ana miaka 10, anataka kuchonga boti. Baba yake anasema apewe kisu butu kwanza, akizoea apewe kikali. (Donge)

Msalimie shemeji, umwambie butu ndicho kitakachomkata. Kisu butu kinasukumwa kwa nguvu, kikiteleza kinaondoka na nguvu zile zote. Mpe kifupi, kikali, kisichokunjwa. Akae, asichonge kati ya mapaja, pale pana mshipa mkubwa wa damu. Asogeze mti upande wa nje wa goti, na asiwepo mtu karibu kiasi cha kufikiwa na mkono wake.

Uzio wenu kama ni wa mnyaa, asiuguse kwa kisu. Utomvu wake ukiruka jichoni ni hospitali siku hiyo hiyo. Akijikata kidogo, maji safi na sabuni. Jeraha likiwa refu kwenda ndani au lina udongo, aende kituo cha afya waangalie chanjo yake ya pepopunda, kisu kiwe na kutu au kisiwe nayo. Vijidudu vya pepopunda viko kwenye udongo na samadi, kutu inasingiziwa tu.

Nimefuata yote. Kisu cha kaboni, kinoo, mkanda. Kinanyoa. Lakini kwenye mti hakiingii, mkono umetoka malengelenge. (Bagamoyo)

Ulivyoandika mistari kumi juu ya kisu na mti ukautaja mwishoni kabisa, nikajua. "Kipande cha mpingo nilichopewa na wachonga vinyago." Ndugu yangu, mpingo ni mzito hadi unazama majini. Hao waliokupa wanauendea kwa tezo, patasi na tupa. Wewe umeuendea kwa kisu cha kumenyea.

Tafuta tawi bichi la mwembe au la mfenesi, unene wa kifundo cha mkono, lisilo na vifundo. Lipasue katikati, uondoe kiini, kwa sababu kiini ndicho kinachopasua kijiko. Futa utomvu mikononi, wa mwembe huwasha wengine. Chonga likiwa bichi, uache unene kidogo, kisha ulifukie ndani ya maranda yake mwenyewe kwenye mfuko wa karatasi, likauke taratibu kwa wiki mbili hivi. Halafu ndipo umalizie. Mpingo urudishe kwa wenyewe, au uweke mlangoni uzuie upepo.