Roboti ya kukata nyasi: ya waya au ya setilaiti?

Dada, kwa bustani ya mita za mraba 400 yenye miti mikubwa kama yako huko Ujerumani, mimi nakushauri uchukue ya waya, yaani ile inayofuata waya uliotandazwa kuzunguka nyasi kama mpaka wake. Za setilaiti hujua zilipo kwa ishara kutoka angani, kwa hiyo zinahitaji kuona anga. Chini ya majani mazito au karibu na ukuta zinapotea na kusimama. Waya ni kazi ya kuutandaza mara moja, baadaye nyasi zinaufunika zenyewe.

Kabla ya kuuliza bei, pima mteremko. Laza ubao wa mita moja, unyanyue upande wa bondeni mpaka pima maji ikae sawa, kisha pima pengo lililo chini yake: sentimita 35 ni kama asilimia 35. Linganisha na kiwango cha juu cha mteremko ambacho mashine inaweza kupanda, na uache nafasi, maana nyasi zenye umande zinateleza. Kuhusu ukubwa, mashine ya mita za mraba 400 kamili itahangaika kutwa. Chukua ya 600.

Na tafadhali sana, usiiwashe usiku. Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayetembea usiku, akiona hatari hakimbii, anajikunja palepale, na visu vinamkata vibaya. Jiji la Köln lilipiga marufuku kuendesha roboti hizi usiku mwaka 2024.