Alinisikia? Maswali yenu kuhusu fahamu na kifo

Tangu niandike kwenye safu hii habari za yule mgonjwa aliyekata roho saa kumi alfajiri, mvua ikipiga bati, bila ndugu hata mmoja pembeni, ujumbe wenu umekuwa ukiingia kama dagaa wa giza. Wachache mmeuliza alikuwa na ugonjwa gani. Wengi mmeuliza alikwenda wapi. Mimi ni nesi mstaafu, si shehe wala mchungaji. Miaka 31 wodini nimefumba macho ya watu wengi, na sijamwona hata mmoja akitoka. Nitajibu kwa niliyoyaona, na kwa yale ambayo watu wamejaribu kuyapima.

Shikamoo sista. Mume wangu alilala siku tatu bila kufumbua macho. Usiku wa mwisho nilimwambia kwamba mtoto wetu amefaulu kidato cha nne. Alinisikia, au nilikuwa naongea na ukuta? (Mama wa watoto wanne, Igoma)

Marahaba mama, na pole sana na msiba. Hukuwa unaongea na ukuta. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walitoa matokeo ya kuwapima wagonjwa waliokuwa saa zao za mwisho, ambao hawaitiki tena hata ukiwafinya. Waliwavisha kofia ya kusoma mawimbi ya ubongo, wakawapigia milio iliyopangwa kwa mfuatano, kisha wakaubadilisha ghafla. Ubongo wa baadhi yao ulishtukia mabadiliko yale karibu sawa na wa vijana wazima. Kwa hiyo sauti inaweza kufika. Kama maneno "amefaulu" yalieleweka, kofia haiwezi kusema.

Sisi manesi tulijifunza hilo kabla ya kofia. Mgonjwa wa namna hiyo ukimgeuza unamwambia, "Baba, tunakulaza upande wa dirisha." Usiku mmoja niliwakuta vijana watatu wanagawana nyavu na injini ya mtumbwi juu ya kitanda cha baba yao. Kile kipimo cha kidoleni kilikuwa kinasoma mapigo 88. Walipofika kwenye injini kikapanda hadi 120. Inawezekana ilikuwa homa tu. Niliwatoa nje hata hivyo.

Wapo watu ambao moyo ulisimama, wakarudi na kusimulia handaki lenye mwanga, na kwamba walijiona kutoka juu, darini. Huo si ushahidi kwamba fahamu haihitaji ubongo? (Mwanafunzi, Malimbe)

Hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, wanaosimulia hayo si waongo. Uholanzi, daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake walifuatilia wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama, wakachapisha mwaka 2001. Watu 62 walikuwa na kitu cha kusimulia: mwanga, amani, ndugu waliotangulia. Hiyo ni karibu mmoja katika kila sita. Nami nimewasikia wawili watatu kwa masikio yangu, na mmoja alinikasirikia kwa kumrudisha.

Pili, kuna aliyeweka mtego. Daktari Sam Parnia alisambaza shelfu karibu na dari katika hospitali za Marekani, Uingereza na Austria, na juu yake akaweka picha ambazo mtu wa chini hawezi kuziona. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama kweli umepaa hadi darini, tuambie picha ya nini. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Mioyo 2,060 ilisimama, na waliopona wakaweza kuhojiwa ni 140. Hakuna aliyetaja picha. Mwanaume mmoja alieleza vizuri yaliyotokea wakati anahangaikiwa, na maelezo yake yakalingana na kazi ilivyofanyika, ila chumba alichokuwemo hakikuwa na shelfu. Mimi nikisoma hapo nilicheka kwa uchungu. Ndivyo wodi zilivyo, mtu hafi pale ulipojiandaa.

Tatu, ubongo wenyewe una vituko. Geneva, mwaka 2002, Olaf Blanke na wenzake walikuwa wanamchunguza mama mwenye kifafa, wakagusa kwa umeme mdogo sehemu moja ya upande wa kulia wa ubongo wake. Akasema anajiona kitandani kutoka juu. Walipozima umeme, akashuka. Na huko Michigan, mwaka 2023, timu ya Jimo Borjigin ilichapisha vipimo vya wagonjwa wanne walioondolewa mashine ya kupumulia. Wawili kati yao, wakati wa kufa, ubongo uliwaka mawimbi ya kasi, yale yanayoonekana mtu mzima akifikiri. Wote wanne walikufa, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza aliona nini.

Sasa msimamo wangu. Moyo ukisimama, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hadi 20, lakini ubongo haufi papo hapo. Mwaka 2019 watafiti wa Yale walichukua vichwa vya nguruwe kutoka machinjioni, saa nne baada ya kuchinjwa, wakavipitishia maji maalumu, na baadhi ya seli zikaanza kufanya kazi tena. Mawimbi ya fahamu hayakurudi. Lakini unaona mwenyewe kwamba kufa si kuzima swichi. Wote tuliowazindua walikuwa bado safarini. Aliyegeuza mtumbwi katikati ya maji atakusimulia mawimbi vizuri kuliko mimi niliyebaki mwaloni, na nitamsikiliza kwa heshima. Ila kisiwa cha Ukara, ng'ambo alikokuwa anaelekea, hajakiona.

Ni kweli roho ina uzito wa gramu 21? (Dereva wa bodaboda, Pasiansi)

Hapana. Daktari mmoja wa Massachusetts, Duncan MacDougall, aliweka vitanda vya wanaokufa juu ya mizani, akachapisha mwaka 1907. Wagonjwa sita tu, vipimo vya wawili akavitupa mwenyewe, na hiyo 21 ilitoka kwa mmoja. Akapima na mbwa 15, hakuna kilichopungua, akahitimisha kwamba mbwa hawana roho. Mwenye mbwa asome hapo aamue mwenyewe.

Mdogo wangu alizama na mtumbwi wa dagaa, mwili tukaupata siku ya tatu. Mama haachi kuuliza aliteseka muda gani, na kama alituona tukimtafuta. Nimjibu nini? (Mvuvi, Kirumba)

Pole, mwanangu. Nitakwambia kama nilivyowaambia wengine uso kwa uso.

Hofu ilikuwepo, usimdanganye mama kwamba haikuwepo. Lakini mtu akishazama, fahamu kwa kawaida huondoka ndani ya dakika chache, mara nyingi mbili tatu. Hewa inapokwisha ubongo huzimika, na uliozimika hausikii maumivu. Mlipokuwa mnazunguka na taa usiku ule, yeye hakuwa chini akiwasubiri.

Najua kwa nini mama anang'ang'ania. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ukara mwezi Septemba 2018, fundi mitambo mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, na ziwa zima likasikia. Yule alipata nafasi yenye hewa ndani ya kivuko. Mtumbwi wa dagaa hauna chumba cha kubakiza hewa. Pengine pia amesikia habari za Anna Bågenholm, daktari aliyenaswa chini ya barafu huko Norwe mwaka 1999, mwili ukapoa hadi nyuzi 13.7, naye akapona. Baridi ile ndiyo iliyoulinda ubongo wake. Maji yetu ni ya vuguvugu, yanakaribia nyuzi 25, hayahifadhi mtu.

Na kama kuna jirani anayesema mwili uliibuka kwa sababu marehemu alikuwa na jambo la kudai, mwambie ni hewa inayojaa tumboni mwili ukianza kuharibika. Katika maji ya joto kama yetu huchukua siku chache tu. Hakuna anayedaiwa.

Mmepata mwili, mmezika. Familia nyingi za waliozama na meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, hazikupata hata hilo. Mpeleke mama kaburini mara nyingi anavyotaka.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Alfajiri namsikia akikohoa jikoni. Mwanangu mmoja anataka nipelekwe kwa daktari wa akili, mwingine anataka tambiko. Nimeanza kuchanganyikiwa? (Mzee, Sengerema)

Shikamoo baba. Hujachanganyikiwa. Mwaka 1971 daktari wa Wales, Dewi Rees, alichapisha majibu ya wajane na wagane 293 aliowauliza swali hilohilo. Karibu nusu walisema wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzao aliyefariki. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu, wakiogopa kuchekwa. Wewe umeniandikia mimi, kwa hiyo umewazidi ushujaa.

Masikio yamezoea kikohozi kile miaka 40, na ubongo huendelea kukitegea. Hilo ndilo jibu la nesi. Bibi yangu Msukuma asingehitaji jibu hilo, angesema tu kwamba masamva, yaani mizimu ya wahenga, wamepita, akamwaga pombe kidogo chini na kurudi kulala. Na marehemu John Mbiti, yule mwanazuoni wa Kenya, aliyatumia maneno yetu mawili, sasa na zamani, kueleza jinsi Waafrika wengi walivyoliona jambo hili: aliyekufa hubaki katika sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, na mtu wa mwisho anayemjua akiondoka, ndipo naye anapozama katika zamani. Kwa hesabu hiyo mkeo hajaenda mbali.

Ukianza kusikia sauti inayokuamrisha, ukikosa usingizi au chakula kisipite, hapo mfuate huyo mwanao wa daktari. Kama ni kikohozi tu na moyo unatulia ukikisikia, mwache mama akohoe.

Nyumba yetu ya kupanga Mabatini ina Msabato, Mkatoliki na Mwislamu. Wa kwanza anasema wafu wamelala, hawajui neno lolote. Wa pili anawalipia misa. Wa tatu anasema wako barzakh, wanasubiri ufufuo. Nani mkweli? Na wewe unaamini nini? (Mpangaji wa nne)

Kofia ya mawimbi haifiki huko, kwa hiyo sitaamua kesi ya wapangaji. Nitakuonyesha tu jambo moja la kuchekesha: yule Msabato na Mhubiri 9:5 yake, pamoja na daktari wa ubongo asiyeamini chochote, wanakubaliana kabisa kuhusu usiku wa kwanza kaburini. Wanagombania asubuhi.

Mimi niliwahi kupigwa nusukaputi nikafanyiwa upasuaji wa saa tatu. Nilihesabu hadi saba, kisha nikasikia kiu. Katikati hapakuwa na giza wala ndoto, hapakuwa na kitu cha kuitwa muda. Tangu siku hiyo siogopi sana. Na bado, kwa kuwa nimelelewa Mkatoliki, kila Novemba 2 naandika majina ya marehemu kwenye bahasha na kuyapeleka parokiani. Yule wa saa kumi alfajiri naye nimemwandika. Mwaka jana karani alisoma jina lake, akaniuliza ni ndugu yangu wa upande gani.

Nikamwambia, wa zamu ya usiku.