"Mdogo wangu, TRA wanakulipa bei gani?"

Swali lenu la wiki hii, kazi gani jina lake lilikudanganya, mimi jibu ninalo tangu 2023. Mkataba ulisema Ofisa Maendeleo ya Mauzo, kampuni ya teknolojia, mama akawatangazia majirani wote pale Mbagala kwamba kijana wake anatengeneza kompyuta. Kumbe kazi yenyewe ni simu tu. Unapewa Excel ina majina ya maduka na namba, unapiga kama 60 kwa siku, na wala huuzi, we unambembeleza tu mwenye duka akubali kuoneshwa mfumo wa stoo na mauzo, akikubali unamkabidhi kwa mwingine ndo anaenda kumaliza dili. Mshahara kiduchu, kamisheni mpaka mteja alipie.

Sasa mi nikapangiwa Kariakoo, tena nikaanza mwezi wa tano, wiki ileile wafanyabiashara walifunga maduka kwa mambo ya kodi mpaka Waziri Mkuu akaja kukaa nao Mnazi Mmoja. Hebu mpigie mtu wa Kariakoo siku hizo umwambie "bosi, tuna mfumo wa kuona mauzo yako yote". Nani anataka mauzo yake yote yaonekane?? Wengi walikata, mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "mdogo wangu, TRA wanakulipa bei gani?" Na asiyedhani we TRA, wale wa kodi, anadhani we ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Halafu kuna waliouliza namba yangu umeitoa wapi, hapo nilikuwa naishiwa maneno, maana sheria ya taarifa binafsi ilikuwa imeanza kutumika mwezi huohuo na ile Excel hata bosi hasemi imetoka wapi.

Nikaliacha hilo neno mfumo, nikawa naulizia madeni. Hapo watu wanaongea! Mama mmoja wa vitenge mtaa wa Kongo akasema njoo dukani, nikaenda japo kazi yetu ilikuwa ya kukaa ofisini. Akatoa kaunta buku limefungwa raba, kurasa zimelainika kama kitambaa, kila mdaiwa kaandikwa anavyomjua yeye, "Mama Zuhura Moro", "yule mrefu wa Masasi", aliyelipa kapigwa mstari wa bluu, msumbufu mwekundu. Akaniambia "mwanangu, hili hata umeme ukikatika linafanya kazi". Nikacheka, ila jibu sikuwa nalo. Akakubali kuoneshwa Alhamisi saa nne, mtu wetu akafika saa saba, akakuta duka limejaa wateja wa mikoani, hata kiti hakupewa.

Baada ya miezi minne nikaacha. Desemba yule mama ananipigia, salamu nusu, "we mwanangu, kile kitu chenu kinaweza kumficha shemeji yangu bei ninayonunulia mzigo?" Kinaweza. Nikampa namba ya ofisini, akanunua, kamisheni akala aliyekalia kiti changu.