Boti ya Faiba Haianzii kwenye Rangi

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nimepata boti ya faiba kuukuu, futi 16. Rangi ya bluu nimeshanunua. Nianzie wapi?" Nikacheka, kisha nikanuna. Huyo ni mimi wa miaka minne iliyopita.

Yangu niliikuta Sahare, hapa Tanga, imelala kifudifudi chini ya mwarobaini, kuku wanataga chini yake. Aliyeniuzia aliapa ina mikwaruzo tu. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nani aliyekulia mjini kwetu asiyetamani chombo chake cha kuvulia samaki aina ya changu upande wa kisiwa cha Ulenge siku ya Jumapili?

Jumamosi tatu nikapiga msasa na rangi. Ikang'aa, watu wakapiga nayo picha. Nikaazima mashine, nikaifunga, tukaingia majini mimi na shemeji. Hatujafika mbali naona mashine inainama kama mtu anayesinzia. Ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, ulikuwa umeoza ndani kwa ndani. Nje faiba safi, ndani plaiwudi imekuwa mkate uliochovywa kwenye chai. Tulirudi kwa kafi, shemeji anacheka njia nzima. Hadithi hiyo husimuliwa kila arusi ya ukoo, na kila arusi mashine inazidi kuinama.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa mashua, ambaye faiba yenyewe haipendi. Alishika mpini wa patasi akaigonga boti toka omo hadi tezi. Penye uzima palilia "ko", penye uozo pakajibu "bu". "Mwanangu, ulipaka kabla hujaiuliza," akaniambia. Nikatoboa vitundu vidogo kwa keekee. Unga ukitoka mkavu, pazima. Ukitoka mweusi na unyevu, kata. Nilikata karibu ubao wote. Maji yaliingilia kwenye matundu ya boliti ambayo hakuna aliyejali kuyaziba.

Wiki za kusaga nazipita. Vumbi la faiba linawasha kama upupu: vaa barakoa, miwani na mikono mirefu. Basi.

Aibu ya pili ilikuwa resini, ile gundi ya majimaji inayoshikanisha faiba. Hadina, dawa ya kuigandisha, niliimimina kwa macho, kama mama anavyotia chumvi, kwenye ndoo iliyojaa nusu, saa saba mchana. Punde ndoo ikafuka moshi, resini ikaganda na kupasuka. Resini huzalisha joto lake yenyewe inapoganda, na ikirundikana pamoja joto halina pa kutokea. Sasa napima: kilo moja ya resini, hadina gramu 10 hadi 20, na kwa jua letu nabaki karibu na 10. Nachanganya kidogo kidogo, kwenye beseni pana, asubuhi. Na kama resini yako inatiwa kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, usiikutanishe kobalti hiyo moja kwa moja na hadina, inaweza kulipuka. Hadina ikikurukia jichoni unaweza kupofuka. Sitanii.

Jingine: faiba mpya haishiki juu ya rangi. Saga mpaka uikute faiba yenyewe, kingo uzilaze mteremko mrefu. Unene wa milimita 5 mimi naupa mteremko wa milimita 60. Na usifunikize mbao mbichi. Mimi niliacha masika yote ipite, boti iko chini ya turubai, ndipo nikaweka plaiwudi mpya. Majirani walidhani nimekata tamaa.

Vijana mnapenda picha ya mwisho. Mnataka bluu, mnataka jina ubavuni, na ubao wa nyuma hamjaugonga hata kwa kidole! Weka hiyo rangi uvunguni, ndugu yangu. Chukua nyundo ndogo, uende asubuhi kusipokuwa na kelele, usikilize.

Boti yangu ilirudi majini Novemba, maji ya bamvua, na shemeji nilimkalisha nyuma kabisa, mkono juu ya ubao. Hakusema neno. Aliyeniuzia bado tunakutana sokoni, ananiita nahodha. Namwitikia, ila samaki simpi.